Tusilicheke neno ‘karatasi’, lilitukinga mvua Kanja

Juzi nilinyeshewa nikiwa Kanja. Wanaoijua sehemu hiyo ya Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, hawatashangaa. Nikakimbilia dukani kuulizia koti la mvua. Kijana wa kaunta akanijibu kwa swali: “Mzee, unataka reinkoti ama karatasi?”

Swali hilo lilinikumbusha kisa cha zamani. Nikiwa shule ya msingi, niliandika katika insha kwamba mama alinivisha karatasi ili nisilowe. Mwalimu alilipigia neno hilo mstari mwekundu, kisha akalisoma mbele ya darasa. Wenzangu wakaangua kicheko. Karatasi gani hiyo isiyolowa? Tangu siku hiyo nikawa nasema ‘koti la mvua’, hata nyumbani. Mama akawa ananitazama tu.

Mpenzi msomaji, leo nataka kulitetea neno la mama.

Kabla ya plastiki, watu wetu walijikinga kwa jani la mgomba au kwa gunia. Kona moja ya gunia ilisukumwa ndani ya nyingine, likawa kama kofia ndefu inayofunika kichwa na mgongo. Waliojiweza walivaa kabuti, lakini kabuti likilowa huwa zito ajabu. Ulaya nako, Mskoti Charles Macintosh alisajili mwaka wa 1823 mbinu ya kubandika mpira kati ya vitambaa viwili ili maji yasipenye. Mwaka wa 1926 Mmarekani Waldo Semon akagundua namna ya kuilainisha plastiki ya PVC. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, makoti mepesi ya plastiki yakajaa katika maduka ya Uingereza. Yalikunjika yakaingia mfukoni, na bei ilikuwa nafuu. Wazee wa huko huyakumbuka kama fasheni ya ujana wao.

Kwetu lilikuwa vazi la kazi. Serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika wengi kukuza kahawa hadi miaka ya 1930, ilipoanza kuwaruhusu wachache katika Embu, Meru na Kisii. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulifungua mlango zaidi, na mwaka wa 1964 KTDA ikaundwa kuwasimamia wakulima wadogo wa majanichai. Sasa majanichai hayasubiri jua. Yakikomaa yanachumwa, mvua inyeshe isinyeshe, na ni lazima yafike kituoni siku hiyo hiyo yangali mabichi. Kwa hivyo bonasi ilipolipwa, watu walienda madukani kununua gambuti na lile koti la plastiki. Likiwa jipya lilinuka dukani kote. Ukilivaa lilichakarisha kila ulipoinua mkono, na ndani ulitoka jasho kama uko jikoni. Lakini maji hayakupita, bana!

Mbona basi likaitwa karatasi? Kwa sababu lilikuwa jembamba, jepesi, lenye kukunjika na kuchakarisha. Wasemaji waliangalia umbo na mguso wake, si malighafi. Wanaisimu huita hali hii upanuzi wa maana, na Kiswahili kimejaa mifano yake. Chukua ‘mwavuli’. Neno hilo lina mzizi mmoja na ‘kivuli’, yaani ni kifaa cha kukinga jua. Sisi twauchukua kwenye mvua, na hakuna mwalimu anayeupigia mstari mwekundu.

Tena ‘karatasi’ lenyewe limesafiri mbali. Tulilipata kwa Waarabu, nalo asili yake ni Kigiriki. Neno lililovuka bahari zote hizo lingeshindwaje kuvuka kutoka daftarini hadi kwenye plastiki? Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, si wengi wetu tulisema “karatasi zimepigwa marufuku”? Tukaelewana.

Ndiyo maana nawasihi watunzi wa kamusi waliingize neno hili kwa maana yake ya pili, wakionyesha kwamba ni la mazungumzo. Yule kijana wa Kanja hakukosea. Alikuwa anatofautisha bidhaa mbili, moja nzito na nyingine nyepesi, kwa maneno mawili yanayoeleweka sokoni. Neno tunalolifuta kwa kuwa ni la mchuma chai linaondoka na sehemu ya historia yake.

Nyumbani kwetu koti hilo lilikuwa moja. Mama alilitunza miaka mingi. Likipasuka begani kwa kukwaruzwa na kamba za kikapu, alipasha kisu moto na kuziba mpasuko. Asubuhi za mvua alinivisha mimi niende shule, naye akaingia shambani amejifunika gunia. Insha yangu ilikuwa inasimulia hayo. Darasa halikufika huko, maana lilikuwa bado linacheka neno.

Dukani Kanja nilimjibu kijana: “Nipe karatasi.”