Jinsi Taabu za Mraibu Zilivyoanza Kupimwa

Homa hupimwa kwa kipimajoto, na jeraha hutazamwa kwa macho. Je, taabu za mtu aliyetawaliwa na kileo au dawa ya kulevya hupimwa kwa kitu gani? Swali hili liliwachukua madaktari wa Marekani karibu nusu karne kulijibu, na katika muda huo watu wengi walihesabiwa kuwa wamepona, kumbe bado.

Mwaka 1935 serikali ya Marekani ilifungua hospitali kubwa karibu na mji wa Lexington, katika jimbo la Kentucky. Mahali hapo palikuwa hospitali, gereza na shamba kwa pamoja. Wafungwa na watu waliokuja kwa hiari yao walilima na kukama ng'ombe, huku miili yao ikiachishwa heroini na mofini. Mgonjwa aliyekwisha kutetemeka na kutoka jasho, akala akashiba na kulala usiku kucha, alionekana mzima, akaruhusiwa kurudi kwao.

Lakini huko kwao alikuta nini? Mwaka 1962 wachunguzi wawili, Hunt na Odoroff, walitoa hesabu ya wagonjwa 1,912 waliotoka Lexington wakarudi New York. Zaidi ya 90 katika kila 100 walirudia dawa, na wengi wao kabla ya miezi sita kwisha. Kwa hesabu kama hiyo ilikuwa rahisi kusema kwamba mraibu haponi kamwe.

Hapo ndipo jambo la Vietnam lilipozuka. Mwaka 1971 habari zilienea kwamba askari wengi wa Marekani walikuwa wakitumia heroini vitani. Serikali iliogopa kwamba wakirudi wataijaza nchi waraibu. Mtaalamu wa elimu ya jamii, Bibi Lee Robins, alipewa kazi ya kuwafuata waliorudi. Karibu mmoja katika kila watano wa askari wa kawaida alikiri kwamba alikuwa mtumwa wa dawa hizo kule vitani. Hata hivyo, katika hao waliokuwa watumwa, ni kama 5 tu katika kila 100 walioingia tena utumwani katika mwaka wa kwanza nyumbani.

Tofauti hii ilitoka wapi? Askari aliiacha nyuma nchi aliyozoea heroini, pamoja na hofu na upweke wa vita. Mgonjwa wa Lexington alirudi katika mtaa ule ule uliomlevya, mara nyingi bila kazi na bila jamaa wa kumpokea. Basi ilidhihirika kwamba hapana budi kuyapima maisha ya mgonjwa pamoja na mwili wake.

Kazi hiyo ilifanywa katika mji wa Philadelphia. Mwaka 1980 Thomas McLellan na wenzake, waliokuwa wakiwatibu askari wa zamani, walitangaza kipimo chao. Hakikuwa chombo cha chuma wala cha kioo. Kilikuwa maswali yaliyopangwa. Katika toleo la tano, la mwaka 1992, maswali hayo yaligawanywa katika mambo saba: afya ya mwili, kazi na riziki, pombe, dawa za kulevya, sheria, jamaa na marafiki, na hali ya akili. Mgonjwa aliulizwa habari za siku 30 zilizopita na za maisha yake yote. Tena aliulizwa yeye mwenyewe kila jambo linamsumbua kadiri gani, na jibu lake likaandikwa.

Faida yake ilionekana upesi. Mwaka 1983 McLellan na wenzake walionyesha kwamba wagonjwa wenye taabu nyingi za akili hawakupata nafuu kubwa popote walipotibiwa, na wenye taabu chache walipata nafuu karibu kila mahali. Wale wa katikati, ambao ndio wengi, walitegemea kupelekwa mahali panapowafaa. Kwa kundi hili, kupimwa vizuri kulikuwa sehemu ya kupona.

Kipimo hiki kina udhaifu wake. Hutegemea ukweli wa anayejibu na subira ya anayeuliza. Na mficha maradhi, kifo humwumbua. Wala hesabu yenyewe haimpatii mtu kazi, wala haimpatanishi na mkewe.

Katika Afrika Mashariki, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuwapa waraibu wa heroini methadoni mwaka 2011, na Kenya ikafuata mwishoni mwa mwaka 2014. Dawa hiyo huutuliza mwili. Lakini mgonjwa akiisha kuinywa hurudi nyumbani, na anayetaka kujua kama amepona sharti amwulize pia amelala wapi, anakula kwa kazi gani, na nani anayemngojea.