Sarafu ndogo kama gamba la samaki: jinsi fedha za Wagiriki wa kale zinavyotambuliwa

Mwaka 422 KK, yaani kabla ya Kristo, watu wa mji wa Athens walitazama mchezo wa kuigiza wa Aristophanes unaoitwa Nyigu. Ndani yake mzee mmoja analalamika. Yeye na mwenzake walilipwa drakma moja kwa pamoja kwa kazi ya kusikiliza kesi mahakamani. Mwenzake akaenda kuivunja sokoni, kwa wauza samaki, kisha akamwekea mzee magamba matatu ya samaki. Mzee akadhani ni sarafu, akayatia mdomoni. Harufu ndiyo iliyomshtua, akayatema.

Mzaha huo usingechekesha kama sarafu zenyewe hazikuwa ndogo na nyembamba kiasi cha gamba. Na kweli watu walizibeba mdomoni, kwenye shavu, kwa sababu kitu kidogo namna hiyo kikidondoka vumbini hukioni tena.

Wasikilizaji wetu hutuuliza zaidi kuhusu rupia za wakati wa Mjerumani. Leo tunarudi nyuma zaidi ya miaka 2,400, kwa kuwa anayejua kutambua sarafu hizi ndogo za Ugiriki hatababaishwa kirahisi na sarafu nyingine yoyote ya kale.

Sarafu ya kuanzia ni drakma. Ndiyo iliyotajwa katika Kigiriki cha Injili ya Luka, sura ya 15, kwa yule mama aliyepoteza moja kati ya kumi. Tafsiri yetu ya zamani ya Kiswahili inaiita shilingi. Drakma ya Athens ilikuwa na gramu 4.3 hivi za fedha. Iligawanywa kuwa oboli 6, kila moja gramu 0.72. Chini yake kulikuwa na nusu oboli, gramu 0.36, kisha robo oboli, gramu 0.18, na hata nusu ya robo, gramu 0.09.

Punje moja ya mahindi ina gramu 0.3 hivi. Kwa hiyo oboli nzima ni kama punje mbili za mahindi, nusu oboli ni punje moja na kidogo, na ile ndogo kabisa ni kama punje nne za mchele. Kwa upana, oboli ni karibu milimita 10, ukubwa wa laini ndogo ya simu. Robo oboli ni milimita 5 au 6 tu. Yule mama wa Luka aliwasha taa na kufagia nyumba nzima kutafuta drakma. Fikiria angekuwa anatafuta robo oboli.

Vipande hivi vilihitajika kwa sababu fedha ilikuwa na thamani kubwa. Hesabu za ujenzi wa hekalu la Erechtheion, mwishoni mwa karne ya 5 KK, zinaonyesha fundi akilipwa drakma moja kwa siku. Wazee wa mahakama walipata oboli 3. Mtu wa kipato hicho hanunui fungu la mboga kwa drakma nzima, anahitaji chenji. Baadaye miji ikaanza kutengeneza chenji ya shaba, na vipande vidogo vya fedha vikapungua. (Kiswahili chetu kina neno moja, fedha, kwa madini hayo na kwa pesa yenyewe. Wagiriki nao waliita pesa kwa neno lililotokana na jina la madini hayo.)

Pima kwanza, picha baadaye

Anayeanza hutazama picha kwanza. Mzoefu huweka sarafu kwenye mizani. Mizani ya duka haifai. Inatakiwa mizani ndogo kama ya sonara, inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Hata hivyo uzito peke yake hautoshi, maana kila mji ulikuwa na kipimo chake. Oboli ya kisiwa cha Aegina ilikaribia gramu 1, nzito kuliko ya Athens. Tena sarafu iliyotumika sana husagika, na iliyolala ardhini miaka mingi huliwa na chumvi, hivyo pungufu kidogo si ajabu.

Baada ya uzito ndipo picha. Karibu kila mji ulikuwa na alama yake, na hapa ndipo kazi inapokuwa tamu. Athens waliweka kichwa cha mungu wao wa kike Athena upande mmoja na bundi upande wa pili, pamoja na herufi ΑΘΕ. Efeso walitumia nyuki. Korintho walikuwa na farasi mwenye mabawa. Aegina waliweka kasa wa baharini, na baadaye wakabadilisha wakaweka kobe wa nchi kavu, kwa hiyo anayejua kutofautisha kasa na kobe ameshapata umri wa sarafu kwa makadirio. Kyzikos, mji wa pwani ya bahari ya Marmara katika Uturuki ya leo, uliishi kwa samaki aina ya jodari waliopita hapo kwa makundi. Katika sarafu zake ndogo utamkuta jodari nyuma ya nguruwe mwitu. Mileto walikuwa na kichwa cha simba na upande wa pili mchoro unaofanana na nyota.

Baadhi ya miji iliandika hata thamani. Kolofoni waliweka herufi ΤΕ kwenye robo oboli na ΗΜ kwenye nusu. Athens walitumia mwezi mchanga: mmoja kwa robo oboli, mitatu kwa robo tatu. Hata asiyejua kusoma alihesabu miezi akajua ana nini mkononi.

Usitegemee duara zuri. Fundi aliweka kidonge cha fedha juu ya muhuri wa chuma, akakiwekea muhuri mwingine juu, akapiga nyundo. Mkono ukiteleza kidogo, nusu ya simba inabaki nje. Sarafu za mwanzo mara nyingi zina shimo la mraba upande wa nyuma, alama ya chuma kilichopigwa. Hilo shimo si uharibifu, ni dalili kwamba sarafu ni ya zamani zaidi.

Bandia

Bandia zipo tangu enzi hizohizo. Watu wa kale walichukua kipande cha shaba wakakivika ngozi nyembamba ya fedha. Ngozi ikichubuka, kutu ya kijani inajitokeza. Za siku hizi nyingi humiminwa kwenye kalibu. Tafuta mstari wa kiungo pembeni, vitundu vya hewa, na sura laini kama sabuni iliyotumika. Dalili kubwa kuliko zote ni mapacha. Sarafu mbili zilizopigwa kwa mkono haziwezi kuwa na kingo zilezile na makovu yaleyale. Zikiwa hivyo, zimetoka kwenye kalibu.

Jaribio la sumaku lina kazi ndogo kuliko watu wanavyodhani. Fedha haivutwi na sumaku, lakini shaba na risasi pia hazivutwi, kwa hiyo sumaku inakamata chuma tu. Kupima kwa maji nako ni kazi bure hapa, kwa sababu nusu oboli husukuma maji yasiyofika hata tone moja.

Wala usiisugue. Si kwa mchanga, si kwa ndimu, si kwa dawa ya meno. Fedha ya kale hupata ganda gumu jeusi au la kijivu, na ndani huwa dhaifu. Kipande chenye unene wa ukucha kinaweza kukatika vidoleni.

Mahali ilipookotwa

Mwaka 1964 Colin Kraay, mtaalamu wa sarafu wa Oxford, aliandika kwamba sarafu ndogo za mwanzo zilikuwa chache mno, hivyo sarafu hazikubuniwa kwa ajili ya manunuzi madogo ya kila siku. Kwa maneno mengine, mtu wa kawaida hakuhusika sana. Baadaye vikaja vifaa vya kutafuta metali ardhini, na vipande hivi vikajitokeza kwa maelfu, hasa magharibi mwa Uturuki. Jibu likabadilika: chenji ilikuwepo, ila jembe na macho ya watu hayakuiona.

Tatizo ni kwamba nyingi ziliuzwa bila mtu kuandika zimetoka shamba gani, sokoni au kaburini. Swali la nani alizitumia linajibiwa na mahali hapo, si na picha ya simba. Ndiyo maana Uturuki, kwa sheria ya 1983, na Ugiriki, kwa sheria ya 2002, zinalinda vitu vya kale vinavyotoka ardhini kama mali ya taifa. Anayekusanya kihalali huomba karatasi zinazoonyesha sarafu ilitoka wapi na ilipita kwa nani. Kwa maoni yangu, muuzaji asiye na karatasi hizo hafai hata kama bei yake ni nzuri. Asiye na fedha ya kununua anaweza kuzitazama bure kwa simu: British Museum ya London na American Numismatic Society ya New York zimeweka picha na uzito wa sarafu zao mtandaoni.

Mwaka 1984 hazina mbili ziligunduliwa. Moja, karibu na Elmalı nchini Uturuki, ilikuwa na sarafu za fedha za Kigiriki karibu 1,900. Ilisafirishwa kwa magendo, na sehemu kubwa ilirudi mwaka 1999 tu. Ya pili ilikuwa kwetu, Mtambwe Mkuu, Pemba: sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000 zenye majina ya watawala wa pwani, pamoja na dinari chache za dhahabu. Kwa kuwa zilichunguzwa zikiwa pamoja, dinari zile zilisaidia kujua kwamba hazina ni ya karne ya 11.

Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, Zanzibar ina yake, na Kenya ina sheria ya makumbusho na urithi ya 2006. Ukikuta kitu cha aina hii shambani, kiache kilipo. Weka rula pembeni, piga picha mwanga wa jua ukitokea ubavuni, bila kuwasha taa ya simu, kisha toa taarifa kwa uongozi wa kijiji au ofisi ya mambo ya kale. Picha zipigwe kabla udongo haujafutwa.