Makumi na Mamoja katika Shule za Kilimanjaro

Mtoto wa Old Moshi hakufika mbele ya ubao akiwa mikono mitupu. Kichaga huunda makumi kwa neno lenyewe la kumi: ishirini ni makumi mawili, hamsini makumi matano. Kiswahili kilipokea kutoka Kiarabu ishirini, thelathini na hamsini, majina ambamo mbili, tatu na tano hazisikiki. (Nacho zamani kilisema makumi mawili, tulikubali hasara hiyo kwa wepesi mno.)

Mwaka 1938 Otto Raum, mwalimu wa Marangu, alichapisha kitabu Arithmetic in Africa, akitaka somo la hesabu lisimame juu ya desturi za wenyeji. Hata hivyo, Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967, suala la majina ya makumi halikuwa hoja kuu.

Mwanafunzi akiambiwa “hamsini na tatu” huweza kuandika 503. Ameandika alichosikia: hamsini, kisha tatu. Ndipo mwalimu hufunga njiti kumi kumi, mafungu matano, akaacha tatu kando, na kusema: makumi matano, mamoja matatu.