Ukurasa wa Barua

Rajat Neogy aliasisi jarida la Transition mwaka 1961 huko Kampala, mji aliozaliwa. Makala zake zilisifiwa. Bali uhai wa jarida, kwa maoni yetu, ulikuwa katika barua za wasomaji. Mwaka 1963 Obi Wali alipodai kuwa fasihi ya Afrika kwa lugha za kigeni imeshika njia isiyotokea, majibu yalimiminika, yakachapwa makali kwa laini. (Sisi wenye tenzi za karne na karne tulikuwa na la kusema!) Ukurasa huo huo ndio uliomponza mhariri. Barua ya mbunge Abu Mayanja iliikosoa katiba ya Uganda. Oktoba 1968 wote wawili wakatiwa kizuizini. Jarida lilifufukia Accra, mwaka 1971.