Wa Kwanza Kupanda Kiriri

Ukipanda kutoka katikati ya Bujumbura kuelekea mashariki, utayaona majengo ya Kiriri yakitazama Ziwa Tanganyika. Leo ni ya Chuo Kikuu cha Burundi, lakini hayakujengewa chuo kikuu. Yalikuwa ya Collège du Saint-Esprit, shule ya Wajesuiti iliyoanzishwa mwaka 1952, mji ukiitwa bado Usumbura. Iliwapokea watoto wa rangi zote, jambo lisilo la kawaida chini ya Wabelgiji.

Kabla ya hapo njia ya sayansi ilikuwa nyembamba. Shule ya Astrida, mji uliokuja kuitwa Butare na leo ni Huye nchini Rwanda, ilitoa wasaidizi wa tiba, wa kilimo na wa mifugo, na watoto wa machifu ndio waliotangulizwa. Mtoto wa mkulima mwenye akili aliangukia seminari, kama ile ya Mugera, akashibishwa Kilatini. Buyenzi nako, mtaa wa Waswahili mjini Usumbura, wazazi wengi Waislamu walizikwepa shule za misheni wakihofia watoto wabatizwe.

Kwa hiyo Chuo Rasmi cha Bujumbura, kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Burundi, kilipoanzishwa mwaka 1964, miaka miwili baada ya uhuru, karibu kila aliyeingia alikuwa wa kwanza kwao kufika chuo. Hakukuwa na mpango maalumu wa kuwasaidia watu wa namna hiyo, maana hakukuwa na watu wa namna nyingine. Msaada ulikuwa maisha yenyewe ya chuo: kitanda bwenini, sahani ya maharage, buruse ya serikali, yaani posho ya masomo, mkononi, na mhadhiri msaidizi wa kurudia mazoezi na kikundi kidogo. Mwaka 1965 ikaongezwa École Normale Supérieure ya kuandaa walimu wa sekondari. Kwangu mimi hiyo ndiyo hatua iliyokuwa na akili zaidi, kwa sababu mwanafunzi wa fizikia huanza kushinda au kushindwa miaka mingi kabla hajafika chuoni.

Kisha ikaja 1972. Katika mauaji yaliyoanza mwishoni mwa Aprili, Wahutu waliosoma walisakwa: walimu, makarani, wanafunzi wa chuo na wa sekondari. Wapo waliochukuliwa shuleni wasirudi tena. Historia ya elimu ya Burundi haisomeki bila mwaka huo. Wale ambao baadaye wangekuwa wazazi wenye digrii, wa kumwelekeza mtoto namna ya kukabili hesabu ngumu, hawakuwepo. Wengi waliosalia waliiona shule kuwa mtego na kuwazuia watoto. Aliyefika chuoni miaka ishirini baadaye alikuwa wa kwanza katika ukoo uliokwisha kuwa na wa kwanza wake. Na vita vilipoanza mwaka 1993, hata bweni halikuwa salama tena: Juni 1995 wanafunzi waliuawa ndani ya kampasi ya Mutanga.

Katika miongo hiyohiyo, kwingineko watu walikuwa wakijiuliza kwa nini mwanafunzi hodari huanguka mwaka wa kwanza wa sayansi. Huko Berkeley, Marekani, mwanahisabati Uri Treisman aliwafuatilia wanafunzi Weusi katika miaka ya 1970. Hakukuta uvivu. Alikuta vijana wanaojifungia kusoma peke yao, huku wenzao wa asili ya Kichina wakikaa pamoja, wakisahihishana na kubishana. Akaunda makundi, na badala ya masomo ya kufidia akawapa maswali magumu zaidi. Matokeo yao yakapanda. Karibu zaidi na sisi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1990 kilianza kuwaita wasichana waliokosa alama chache za kuingia sayansi, kikawafundisha kwa wiki kadhaa kisha kuwapima upya. Waliofaulu waliingia.

Burundi, kwa upande wake, ilifungua mlango wa chini. Mwaka 2005 serikali ya Pierre Nkurunziza ilifuta ada ya shule ya msingi, na madarasa yakafurika. Hesabu miaka kumi na mitatu, sita ya msingi na saba ya sekondari kwa mfumo wa wakati huo: wimbi lile lilikuwa lifike chuoni mwaka 2018. Mwaka 2017 buruse ikageuzwa mkopo wa kulipwa baada ya kupata kazi. Wanafunzi waligoma, baadhi wakakamatwa, na mkopo ukabaki. Hazina ilikuwa kavu, hilo nalikubali. Lakini mtoto wa mashambani Ruyigi au Karuzi, aliyeanza shule kwa Kirundi na sasa anasomeshwa kemia kwa Kifaransa, alipunguziwa msaada ule ambao watangulizi wake wa 1964 waliukuta umetandikwa tayari.

Sasa wanafunzi wengi hupanga chumba katika mitaa ya Nyakabiga au Kamenge, wanne au watano pamoja, wakigawana nakala moja ya silabasi na kufanya mazoezi usiku kwa taa ya simu umeme unapokatika. Wamefika palepale alipofika Treisman, bila kumsikia. Tofauti ni kwamba makundi yake yalikuwa na mtu wa kupita na kuangalia kazi. Kundi la Nyakabiga likikosea lote kwa pamoja, linakuja kujua siku ya mtihani.