KABLA YA KITOCHI: Tochi za Bomani na Kile Kidude Kidogo Kilichokuwa Kinazizima

Bongo, simu ndogo ya vibonye inaitwa kitochi. Watu wanalitumia hilo jina kila siku, mara nyingi kwa kejeli (ana gari lakini anatumia kitochi!), bila kujiuliza limetoka wapi. Limetoka kwenye kile kitaa cha juu. Mwaka 2003 Nokia walitoa simu ya 1100 yenye tochi kichwani, na ikauzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Mjini ile taa ilikuwa nyongeza tu. Ila kuna sehemu ambako tochi ndo ilikuwa sababu ya kununua simu.

Chukua Piyaya, wilaya ya Ngorongoro. Huko ni nyanda za wafugaji wa Kimaasai, jirani na Serengeti. Usiku usio na mwezi ng'ombe, mbuzi na kondoo wanalala katikati ya boma, wamezungukwa na ua wa miiba. Nje anapita fisi, anapita chui, na siku mbaya zaidi anapita simba. Na simba hana hata haja ya kuruka ua. Harufu yake ikiwafikia ng'ombe wanapata kiwewe, wanavunja ua wenyewe, wanatoka mbio gizani, na huko nje ndiko anakowasubiri.

Sasa fikiria mtu anayeamshwa na mbwa saa nane usiku. Ng'ombe wale ndo ada ya shule, ndo mahari, ndo benki ya ukoo mzima. Anapapasa tochi, anabonyeza. Kimya. Anaipiga kofi moja, inawaka kidogo, ya njano, halafu inazima tena. Anapiga la pili.

Kila aliyekua kabla ya simu hizi anaujua huo mchezo wa kuipiga tochi makofi. Wengi walidhani betri zimeisha. Mara nyingi betri zilikuwa nzima kabisa. Tatizo lilikuwa holda.

Turudi nyuma kidogo. Tochi ya bomba, ile ya kupanga betri mstari mmoja ndani, ilipewa hataza Marekani tarehe 10 Januari 1899. Aliyeibuni alikuwa mvumbuzi wa Kiingereza aliyekuwa New York, na kampuni iliyoichukua ndo baadaye ikajulikana kama Eveready. Zile za mwanzo zilikuwa za karatasi ngumu, na baadhi waligawiwa bure polisi wa New York wazijaribu. Zilikuwa haziwaki muda mrefu: unamulika, unazima, betri inapumzika. Jina la tochi kule Marekani mpaka leo lina maana ya mmweko kwa sababu hiyo.

Baadaye zikaja tochi za bati, na ndo zilizofika huku kwetu. Ukiifungua, safari ya umeme ni fupi lakini ina vituo vingi. Unatoka kwenye chuchu ya betri ya mbele, unaingia kwenye kitako cha globu, unapita kwenye waya mwembamba ndani ya globu, unatokea kwenye shingo yake, unaingia kwenye holda, unateremka na bati la tochi mpaka kwenye springi ya nyuma, unarudi kwenye betri. Sehemu zote hizo zimegusana tu, hakuna kilichounganishwa moja kwa moja. Kituo kimoja kikilegea, safari imekufa.

Na holda ndo kituo kinachochoka mapema. Kitako cha globu ni tone la risasi, laini, kila tochi ikidondoka kinabonyea. Shingo inalegea kwenye nyuzi za holda. Shaba inaota kutu ya kijani. Halafu kuna balaa la betri yenyewe: kopo lake ni zinki, na hiyo zinki ndo inayoliwa umeme unapotoka. Betri ikizeeka kopo linatoboka, maji yake yanavuja, yanakula springi na holda kwa pamoja. Aliyewahi kusahau betri kwenye tochi msimu mzima wa mvua anajua alichokikuta.

Watu wengi hawaijui hesabu hii: betri mbili zinatoa volti 3, globu yake ni ya volti 2.5. Globu za waya haziongezi na kupunguza mwanga sawasawa na umeme. Umeme ukipungua kwa asilimia 10 tu, mwanga unashuka karibu asilimia 30. Kwa hiyo kutu kidogo kwenye holda, ambayo kwa macho ni uchafu tu, inatosha kuifanya tochi ya kumfikia fisi hatua hamsini ishindwe hata kuonyesha mlango wa boma.

Dawa yake ilikuwa ya nyumbani. Unakwangua holda kwa ncha ya kisu mpaka shaba ing'ae. Unaivuta springi irefuke. Globu ikilegea, unaizungushia shingoni uzi mmoja wa waya wa shaba, unaikaza tena. Kitako kikibonyea, unakunja karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, unaiweka kati ya globu na betri. Hapo ilitakiwa akili, maana ile karatasi ikigusa kitako na shingo kwa wakati mmoja umeme hauendi kwenye globu tena; betri zinapata moto na kuisha zenyewe. Fundi wa redio alifanya vizuri zaidi: alichoma chuma kwenye jiko la mkaa, akadondosha tone jipya la risasi kwenye kitako, kazi imeisha.

Huo ufundi haukuwa ubahili. Betri za National zilikuwa zinatengenezwa hapa hapa Dar es Salaam na Wajapani wa Matsushita, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ilikaukiwa. Sukari foleni, sabuni foleni, na betri nazo zikawa za kuuliziana. Mpaka serikali ilipolegeza masharti ya kuagiza bidhaa kuanzia 1984, mtu alianika betri zake juani ili zimpe usiku mmoja zaidi. Ukiwa na betri za namna hiyo huwezi kukubali holda ikuibie hata kidogo.

Cha kuchekesha, mbali kabisa na maboma, kuna watu wana ugonjwa huo huo kwa ajili ya starehe. Zile mashine za pinboli, za kurusha kigololo cha chuma, nyingi zilitengenezwa Chicago, na moja inaweza kuwa na globu ndogo kibao za volti 6.3. Wanaozikusanya za zamani wanajua: taa ikicheza cheza, usilaumu globu, itikise kwanza. Holda imechoka. Wanapiga msasa, au wanachomea kipande cha waya kutoka kwenye mguu wa holda mpaka kwenye ganda lake ili umeme uruke ile sehemu iliyolegea. Ni akili ile ile ya uzi wa shaba shingoni, tofauti ni kwamba kule taa ikigoma hakuna ndama anayeliwa.

Halafu akatokea dogo wa Kitengela, Kenya. Mtoto wa Kimaasai, kwao ni jirani na mbuga ya Nairobi, upande ambao hauna uzio. Kazi yake ilikuwa kulinda ng'ombe wa baba yake, na simba walikuwa wanawamaliza. Akajaribu moto, ukawa unawasaidia simba kuona zizi. Akajaribu sanamu, siku ya pili simba wakaizoea. Usiku mmoja akizunguka na tochi akagundua simba hawasogei kwenye mwanga unaotembea. Akiwa na miaka 11 akachukua betri kuukuu ya gari, sola, kile kidude kinachofanya indiketa ya pikipiki iwake na kuzima, na vitaa vya tochi mbovu. Akavifunga kwenye ua vikiangalia nje, viwake kwa zamu, simba adhani kuna mtu anazunguka. Mwenyewe kalala ndani! Majirani wakaja kuomba wafungiwe na wao, na mwaka 2013 akapanda jukwaa la TED kule California kueleza.

Siku hizi tochi ni LED. Kitaa kimechomewa moja kwa moja kwenye bodi yake, hakina shingo wala kitako, na holda imekufa kimya kimya bila tangazo. Kitochi hakipigwi kofi. Kinachochoka sasa ni tundu la chaji: waya unalegea, unaukunja kona, unauwekea jiwe juu ili ushike, unaondoka kwa kunyata usije ukautikisa.