Mtandao upo, tovuti zinagoma? Anza na DNS

Ofisi ya Njombe mjini au steshenari ya Makambako, hadithi ni ileile: WhatsApp inaingia fresh, lakini ukifungua tovuti ya TRA, inagoma. Dakika mbili baadaye inafunguka. Mteja keshaondoka.

Mara nyingi shida si bando. Ni DNS, mfumo uliobuniwa 1983 unaogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Ruta huweza kuipa kompyuta seva mbili za DNS. Moja ikifa, kompyuta huisubiri kwanza ndipo ijaribu ya pili. Ndiyo maana tatizo linakuja na kuondoka.

Pima hivi

Kwenye Windows fungua CMD, andika ping 8.8.8.8. Ikijibu, mtandao upo. Kisha andika nslookup tra.go.tz. Ikileta "timed out", mshukiwa ni DNS.

Rekebisha hivi

1. Ingia kwenye ruta, sehemu ya DHCP. DNS ya kwanza weka 1.1.1.1 (Cloudflare), ya pili 8.8.8.8 (Google).

2. Umeongeza ruta ya pili ili Wi-Fi ifike chumba cha nyuma? Zima DHCP yake. Zote mbili zikigawa anwani, kompyuta zinavurugana.

3. Kila kompyuta izimwe Wi-Fi na kuwashwa, kisha andika ipconfig /flushdns.

Ping nayo ikigoma, usihangaike na DNS. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, mtandao ulisumbua Tanzania, na tatizo halikuwa ruta ya mtu. Hapo mpigie mtoa huduma.